Goli Linachelewa Kufika Kwetu

3 Novemba
Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Cathy amekuja na mashine yake. Cathy ni mdogo wangu, ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Anakaa Karavia, mtaa wa wenye pesa, na akija huku kwetu Kamalondo hushuka garini akiangalia chini, kama mtu anayekwepa tope hata wakati wa kiangazi. Ameleta tableti mpya na kisanduku cha mtandao chenye taa ya buluu, akaviweka juu ya meza yangu ya kushonea, katikati ya vitambaa vya wateja. Ndani ya tableti kuna application inayoonyesha mpira palepale unapochezwa: wa Ulaya, wa Afrika, hata championnat yetu, ligi ya hapa nyumbani.

"Yaya, unaona? Papa atabakia hapa hapa mu kiti yake. Kuenda ku depo inaisha."

Papa yetu, Anaclet Kapya, aliendesha treni mpaka treni zenyewe zikachoka. Mwezi wa tisa alianguka kwenye depo ya Mumbere, ng'ambo ya barabara, mechi ikiwa inaendelea. Ni moyo. Daktari alisema asipate hofu kubwa wala furaha kubwa. Nilimuuliza sasa apate nini, akaniandikia dawa.

"Mujaribu kwanza mpaka musimu ya mvua ikatike," Cathy amesema. "Kama iko bien, miye nitakamata abonnement, nitalipia mwaka muzima. Weye njo utaniambia kama inafaa."

Kwa hiyo hakimu ni mimi. Papa ameigeuza tableti mbele na nyuma, kisha akauliza: "Martine, na bantu bengine batakaa wapi mu ile kintu?"

5 Novemba
Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimeshona kwa mguu.

Niandike kuhusu depo. Mumbere ni mtu wa Butembo. Anauza kwa jumla sukari, mchele, maharage na chumvi. Anaimba kwaya kwa Waprotestanti na hanywi hata tone. Jioni za mechi anafungua mlango mkubwa, anawasha televisheni iliyo juu ya rafu ya sabuni, na wanaume wa barabara nzima wanakaa juu ya magunia. Kila mmoja ana gunia lake. La Papa ni la maharage, pale kwenye nguzo. Likiuzwa, Mumbere anaweka lingine mahali palepale.

Mumbere ni shabiki wa Mazembe, kama karibu kila mtu hapa Kamalondo. Papa ni wa Lupopo, timu ya watu wa reli. Timu ya mmoja ikifungwa, wengine wanamletea kilio mlangoni: wanajifunga vitambaa kiunoni, mmoja analala chini, wanalia "ametuacha, ametuacha!" mpaka machozi ya kweli yanatoka kwa kicheko. Mwenye msiba lazima awape maji ya kunywa na akubali pole. Papa alikuwa akiwapokea na kofia yake ya reli kichwani, uso umekunjamana kama mjane.

Mimi simpendi Mumbere. Naona ni yeye na kelele zake waliomwangusha baba yangu. Nimeshalisema kanisani kwa padri na sasa naliandika.

9 Novemba
Mechi ya kwanza nyumbani. Nimempangia Papa mto mgongoni, maji, dawa, dirisha nimelifunga. Yote yalikwenda vizuri mpaka depo ikapasuka kwa kelele. Goli! Kwenye tableti yetu kipa alikuwa bado ameushika mpira mikononi.

Tumetazamana. Tumengoja. Mpira ukasafiri polepole, ukapita huyu, ukapita yule, ukaingia. Papa hakushangilia. Amesema tu, "Eh, njo hiyo," kama mtu aliyeletewa chakula kilichopoa.

Nimempigia Cathy. Kasema ni kawaida, picha inapita kwanza kwenye mtandao, ya antena ya depo inatangulia. Nimemwambia basi ni vizuri, Papa atapata habari kidogo kidogo, moyo hautashtuka. Nimejisikia mwenye akili siku nzima.

10 Novemba
Mvua. Mteja amekataa kola.

16 Novemba
Asubuhi Mumbere, aliyeshasikia kwamba picha yetu inachelewa, amepita mbele ya mlango na mkokoteni wa chumvi, akapaza sauti:

"Yambo, bantu ba jana! Habari ya mechi haiyafika kwenu?"

"Mumbere," Papa amejibu kutoka kitini, "siku Mazembe itapigwa, weye njo utaniletea maji."

Wamecheka wote wawili. Mimi nimeufunga mlango. Papa ameuangalia ule mlango kwa muda mrefu kuliko anavyoiangalia tableti.

23 Novemba
Umeme umekatika katikati ya mechi. Depo wana jenereta. Tumekaa gizani tukisikiliza watu wakishangilia kitu tusichokijua. Nimemwambia Papa alale. Amesema hana usingizi, ana swali: nani anacheza beki wa kushoto?

30 Novemba
Nimefikiria kumwambia Cathy kwamba haifai. Halafu nikamwona Papa akipanda ngazi mbili tu za mlangoni, mkono kwenye ukuta, midomo imebadilika rangi. Nimeahirisha.

6 Desemba
Leo lazima niandike kwa urefu.

Mvua imeanguka kama imetumwa. Radi, upepo, mabati ya jirani yakiruka. Mechi ilikuwa imeanza. Depo kumekuwa kimya ghafla, halafu tukasikia wanaume wakilalamika kwa pamoja: antena imepoteza picha. Kwetu taa ya buluu inawaka na mpira unachezwa kama vile mbinguni hakuna neno.

Mlango umegongwa. Mumbere, maji yanamtiririka, gunia tupu kichwani.

"Mama Martine, hodi. Kwenu kunaonekana?"

Sijasema karibu. Papa ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi wa tisa: "Ingieni! Ingieni bote! Bantu ba jana banawakaribisha!"

Wameingia. Sijui nyumba yangu imewabebaje. Wamekaa juu ya vitambaa vya wateja, juu ya ndoo iliyogeuzwa, chini ya meza. Wamejikusanya mbele ya kioo kisichozidi sahani. Katungu, mke wa Mumbere, ameleta mandazi yaliyofunikwa kwa plastiki, akaja kukaa nami mlangoni. Aliyekuwa mbele alikuwa akiwatangazia wa nyuma, na Papa akimsahihisha.

Mimi sijaona hata pasi moja. Nilikuwa nikikiangalia kifua cha Papa. Nimekingojea kitu kibaya mwanzo hadi mwisho, dawa nimeifumbata kiganjani mpaka ikayeyuka. Goli limeingia, wameruka, ndoo imepasuka, na Papa amecheka, ametokwa machozi, na hakuna kilichotokea. Mashavu yake yalikuwa na damu.

Mvua ikapungua. Mtu akachungulia nje, akasema picha imerudi kwa depo, kule ni kubwa zaidi. Wameondoka wote kwa pamoja, wakishukuru sana. Papa amebaki na kipindi cha pili, mimi na harufu ya mashati mabichi.

"Umechoka?" nimemuuliza.

"Hapana. Zima tu."

7 Desemba
Nimeosha vitambaa vilivyokaliwa. Nimekasirika, sijui ninamkasirikia nani.

25 Desemba
Baada ya misa Mumbere ametuma mchele kwa mkono wa Katungu. Nimepokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, lakini uso ulikataa kukunjuka. Katungu amesema, "Mumbere anasemaka gunia ya papa hakuna mutu anakaa. Mutu akikaa, anamuhamisha." Nimejibu asante kwa mchele.

11 Januari
Mvua kila siku. Papa hafungui tableti mpaka nimwambie. Ninapomwambia kuna mechi anasema, "Kama unataka." Mapigo yake ni mazuri, presha ni nzuri, miguu haijavimba. Cathy akipiga simu namsomea vipimo, anafurahi. "Unaona? Inafaa!" Nami nasema ndiyo, inaonekana inafaa.

Lakini naogopa kitu ambacho daktari hana kifaa cha kukipima. Papa haongei tena. Jana ameniuliza kama leo ni jana.

25 Januari
Mazembe wamefungwa na timu ya mbali. Zamani Papa angekuwa wa kwanza kuvuka barabara na kilio chake. Nimemwambia, "Papa, si uende hata umwonyeshe Mumbere uso?" Hata mimi nimejishangaa. Amesema mvua ni nyingi. Mvua haikuwapo.

1 Februari
Wiki ijayo Lupopo wanacheza na Mazembe. Usingizi umenihama. Nimemwomba Cathy aje kukaa nasi siku hiyo. Ana harusi ya rafiki.

8 Februari
Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Ilikuwa mvua ya rasharasha, umeme ulikuwepo, kila kitu kilikuwa tayari. Barabara nzima ilikuwa kwa Mumbere. Papa amevaa kofia ya reli, mara ya kwanza tangu aanguke, na nikafurahi nikadhani ni dalili njema. Tumekaa wawili. Lupopo wamecheza vizuri. Papa alikuwa amesogea mbele, mikono juu ya magoti, akiwaambia wachezaji wafanye nini.

Depo ikalipuka.

Goli. La nani? Kelele haisemi. Huko wamo wa Mazembe wengi na wa Lupopo wachache, lakini wachache wa Lupopo wana vifua. Papa ameshika mkono wa kiti. Kwenye kioo mpira ulikuwa katikati ya uwanja, kwa mchezaji ambaye hakuwa na haraka na dunia. "Ni siye ao ni bale?" Papa ameuliza. "Martine, ni siye?" Nikasema ngoja, inakuja. Jasho limemtoka juu ya mdomo. Kule wanaimba, sijui wimbo upi. Kioo bado. Papa akasema "Ngoja," akaweka mkono kifuani kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, na akaenda chini pamoja na kiti.

Nimepiga kelele. Nimelia kama mama zangu walivyolia: "Papa eee! Papa anatuacha! Yooo, anatuacha!"

Na depo ikacheka. Niliwasikia. Wakanijibu kwa sauti moja, wakigonga mabidoni ya mafuta: "Yooo! Lupopo ametuacha! Ametuacha!" Walidhani ni kilio chetu cha mpira. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kunijibu, na mmoja akaanzisha wimbo wa kuzika. Sikuweza kumwacha Papa nivuke barabara, na sikuweza kubaki naye nikimtazama. Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale. Nilimgeuza ubavu, nikamwingizia dawa chini ya ulimi, kichwa chake kikawa kizito mikononi mwangu, na nje wanaendelea kuimba.

Mara mlango ukafunguka bila hodi. Mumbere, miguu mitupu.

Hakuuliza kitu. Aligeuka akapiga ukelele mmoja ambao ulizima depo nzima. Wamekuja wote. Wametupa magunia ya sukari chini kwenye matope kutoka kwenye camionnette ya Mumbere, lile gari dogo la mizigo, wametandika turubai, wamembeba Papa wanaume sita, kila mmoja akimwambia mwenzake taratibu. Katungu amefungua kitenge chake cha juu akafunika miguu ya Papa. Mumbere ameendesha akipiga honi njia nzima, na wale wanaume wamesimama nyuma kwenye mvua wakiwa wameshika turubai lingine juu yake, isimguse.

Wamempokea. Anapumua. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, sasa tungekuwa tunazungumza na mtu wa mochwari.

9 Februari
Papa amefungua macho, akanitambua, akalala tena.

Mumbere hajaondoka. Amekaa kwenye benchi akiwa na viatu vya kuazima, vidogo. Nimemuuliza alijuaje. Wote walidhani ni mchezo.

Amejikuna shingo. "Mama Martine, but, ile goli, ilikuwa imeingia sasa hivi tu. Kwenu picha inakuyaka nyuma. Nikasema, huyu mama hayaona kintu. Sasa analilia nini?" Akavitazama vile viatu. "Nilianza kucheka pamoja na bengine, siwezi kukudanganya. Kisha ikanikamata hapa."

Amejigusa kifuani. Nimemwangalia mtu huyu kwa mara ya kwanza bila kumhukumu. Ana mvi kwenye nyusi. Sijui kwa nini nilidhani ni kijana.

Nimemwambia asante. Nilitaka kuongeza mambo mengine, nimeshindwa, nimelia. Amenipa kitambaa chake kinachonuka chumvi.

13 Februari
Papa anaongea. Nilimwambia asijichoshe, lakini alikuwa na neno lake.

"Ile but haikuniumiza, mama. Kungoya njo kuliniumiza. Nasikia bantu banapiga makelele, sijue beko na furaha ao beko na huzuni. Ku depo, ata kama tunapigwa, tunapigwa pamoja. Miye nilikuwa peke yangu na ile kioo."

"Ulikuwa na miye, Papa."

"Weye ulikuwa unaniangalia miye. Hakuna mutu alikuwa anaangalia mechi na miye."

Nimetoka nje nikasimama kwenye korido. Ni kweli tupu. Miezi yote hii nilikuwa nikimlinda kama anayelinda chungu kisipasuke, na chungu hakina mtu wa kuzungumza naye.

1 Machi
Tumerudi nyumbani. Papa amepungua, suruali zake nimezipunguza zote.

15 Machi
Mvua zinaanza kupungua. Hakuna jipya.

29 Machi
Cathy amepiga simu. Sasa anataka kuchukua abonnement ya mwaka mzima na televisheni kubwa juu yake, na mtandao wa haraka zaidi, ili picha isichelewe sana. Ameshazungumza na mume wake. Anangoja neno langu tu.

Nimemwambia hapana.

"Yaya, uko na akili kweli? Juzi tu tulikaribia kumuzika!"

"Najua. Nilikuwa pale."

"Sasa atarudia ku ile depo? Kwenye makelele? Na kama anafwa pale?"

Nimeuweka mkasi mezani. Ni swali ambalo limelala nami kitanda kimoja tangu hospitali.

"Kama anafwa pale," nikasema, "batamubeba. Hapa alikuwa na miye tu, na miye sikuweza."

Cathy amelia. Mdogo wangu ana moyo mwema, ni umbali tu unaomdanganya. Nimemwambia kama anataka kumpa Papa kitu, aje yeye mwenyewe siku moja ya mechi, akae kwenye gunia. Amesema atachafua nguo. Kisha amesema atatafuta nguo.

4 Aprili
Nimevuka barabara kwa miguu yangu. Nimemkabidhi Katungu dawa na nikamwonyesha jinsi ya kuiweka chini ya ulimi. Amerudia kila hatua mbele yangu, bila kucheka. Mumbere alikuwa akisikiliza akijifanya anahesabu sabuni. Nimerudi nyumbani, nikarudi tena kumwonyesha mara ya pili.

12 Aprili
Mechi. Mbingu nyeupe, hakuna wingu.

Watu wawili wamekuja kumchukua Papa, Mumbere na fundi viatu wa kona. Amekataa kubebwa. Wamevuka barabara polepole, magari yakisimama, na Papa akiwagombeza madereva kama vile barabara ni reli yake. Nimetaka kwenda nao. Amesema, "Bakia, mama. Ukikaa pale utaniangalia tena."

Nimebaki na gauni la bibi harusi, lazima liishe kesho. Nimeacha dirisha wazi. Nimeshona upande mmoja wote bila kujua ninashona nini.

Kisha depo imepiga kelele, na juu ya kelele zote nimesikia sauti ya Papa, imekwaruza, imekatika, imerudi tena. Sijui kama ilikuwa furaha. Mguu wangu umesimama kwenye pedali. Nimeinuka, nimefika mlangoni, nimeshika kitasa.

Nimerudi nikakaa. Nimeendelea kushona.